Miwani ya Rangi ya Waridi



Sisi tufanyao kazi ya ukarani na ukalimani hatutaabishwi sana na maneno mazito ya Kiingereza, maana kamusi ipo. Yatutaabishayo ni mepesi. Waingereza wakisema kwamba fulani atazama mambo kwa miwani ya rangi ya waridi, wanamlaumu: aona mema kupita yalivyo. Lakini wakisema kwamba mambo yajayo yana rangi ya waridi, mara nyingi wanasifu tu. Rangi ni ile ile. Neno la kwanza lamhukumu atazamaye, la pili lasifu kitazamwacho.

Karani mmoja tuliyemjua aliwasomea wakulima barua, akafasiri kwamba mavuno yatakuwa mekundu. Wazee walinyamaza kitambo, kisha mmoja akauliza kama ni ugonjwa wa mimea au ni nzige. Kwetu waridi ni harufu na marashi. Wekundu ni macho ya mwenye hasira. Tulimcheka yule karani, ingawa, tuseme kweli, nasi tungaliweza kuteleza vivyo hivyo.

Kuna hatari kubwa kuliko kuchekwa. Tazameni mpango wa karanga wa Tanganyika. Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ikakusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Vichaka na mibuyu vikavunja mitambo. Ardhi ilipokauka ikawa ngumu hata kuzing'oa karanga ikawa taabu. Mvua nayo haikutosha. Wagogo walikuwa wameujua ukame wa nchi ile tangu zamani. Mpango uliachwa Januari 1951, na fedha zilizopotea zilikaribia pauni milioni 36.

Basi mtu asemaye kwamba taarifa za kwanza za mpango ule zilikuwa na rangi ya waridi, asema nini? Karani akiandika "zilileta habari njema", amegeuza lawama kuwa sifa, na msomaji atadhani karanga zilistawi.

Twaona yafaa waridi liachwe kabisa katika tafsiri. Penye sifa tuandike "kuna matumaini mema". Penye lawama, "aliona mema tu, asione mabaya". Na barua isipobainisha, yatupasa kumwendea bwana aliyeiandika na kumwuliza kabla haijasomwa barazani, hata kama atachukizwa na swali letu.