Matope ya Mito Yetu na Viumbe Vikaavyo Ndani Yake



Nimetakiwa niseme habari za matope. Najua wengine mtacheka, kwani matope si kitu cha kusimuliwa barazani. Hata hivyo naomba mnivumilie.

Mvua inyeshapo juu ya vilima vya Shinyanga, maji hugawanyika. Mengine hushika Mto Manonga, yakaelekea mbuga za Wembere. Mengine hufuata Isanga na Magogo-Moame mpaka Ghuba ya Mwanza. Vijito vya Geita navyo vingi huteremka ziwani. Maji hayo hayaendi matupu. Yamebeba udongo wa mashamba, na unga wa mawe yaliyosagwa machimboni. Je, mzigo huo hutuliwa wapi, na ni nani autuaye?

Nusu ya jibu hupatikana kwa chupa. Mwalimu na atie udongo na maji katika chupa nyeupe, aitikise, kisha aisimamishe. Mchanga hufika chini mara moja. Ulio laini huzama mita 1 kwa dakika 2 hivi. Lakini udongo wa mfinyanzi, kama ule mweusi wa mbugani, chembe zake hazifikii hata sehemu 2 katika 1,000 za milimita, nazo huhitaji siku 3 au zaidi kushuka kina kile kile, tena katika maji yasiyotikisika. Ndiyo sababu mto upunguzapo mwendo huacha mchanga kwanza, na udongo mwembamba hupelekwa mbele kabisa.

Katika chupa ya pili atie chumvi kidogo. Hiyo itatakata upesi zaidi, kwa kuwa chumvi huzifanya chembe zishikamane zikawa nzito. Jambo hilo hutokea Rufiji, maji ya mto yakutanapo na ya bahari. Huko bahari hujaa na kupwa mara 2 kila siku, na tope hubaki wazi juani katikati ya mizizi ya mikoko. Sisi wa ziwani hatuna chumvi ile, wala kujaa na kupwa kwa namna ile. Kwetu upo upepo, na yapo mafunjo.

Watu wengi hudhani kwamba maji peke yake ndiyo yapangayo tope. Sivyo. Mafunjo yasimamapo mlangoni mwa kijito, mashina yake huvunja nguvu ya maji, na udongo ambao ungalikwenda hata kilindini huanguka papo hapo. Mizizi iliyosukana huushika usichukuliwe na mawimbi. Hata ule utelezi wa kijani umwangushao mtoto achotapo maji ni kazi ya mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo hutoa ute, na ute huo hulishika tope kama gundi. Viumbe wengine hufanya kinyume. Kamongo hujichimbia, minyoo hupindua ya chini juu, na ng'ombe washukao kunywa hulikoroga tope likaanza safari upya. Kwa hiyo tope ni kama ghala yenye walinzi na wezi pamoja.

Na ghala hiyo ina nini? Katika machimbo madogo, kama Mgusu na Nyarugusu huko Geita, au Mwakitolyo huku Shinyanga, dhahabu hukamatwa kwa zebaki, na sehemu ya zebaki hupotea pamoja na marudio. Hiyo hushikamana na chembe nyembamba za tope, husafiri nazo, na kutua zituapo. Kisha katika tope lisilo na hewa vimo vijidudu viwezavyo kuigeuza iwe sumu mbaya zaidi, ambayo huingia katika samaki wadogo, kisha katika wakubwa wawalao, kisha katika mwili wa mama mwenye mimba, ikadhuru ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa. Basi mafunjo ni boma, wala si dawa: huzuia mzigo usifike mbali, lakini hayaifuti sumu.

Huko Minamata, katika nchi ya Japani, ugonjwa wa namna hii ulitambuliwa mwaka 1956. Sisemi kwamba ziwa letu limefika huko. Kule kiwanda kilikuwa kikimwaga baharini sumu iliyokwisha geuka. Lakini angalieni tope: kazi ya kulichota na kulifukia tope la ghuba ile ilianza mwaka 1977, ikaisha mwaka 1990. Mkataba wa mataifa juu ya zebaki, wa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Mwenye karasha ya kusaga mawe asioshee kijitoni. Achimbe bwawa mbali na maji, alikandike chini na kando kwa udongo wa mfinyanzi, marudio yatue humo. Mwenye kutafuta shamba la mpunga asiyafyeke mafunjo ya mlangoni mwa kijito, maana tope lililowekwa humo kwa miaka mingi laweza kuondoka kwa mvua chache. Na ng'ombe wapewe njia moja tu ya kuteremkia majini.