Tukague Yaliyofichika

Tukiitayarisha Yamaha TZ350, pikipiki iliyotolewa mwaka 1973, ili ishindane tena na wazee wenzake, hatuanzi na rangi. Twaanza ndani. Katika injini hii, oili huchanganywa na petroli. Sili za krankishafti zikikauka kwa uzee, hewa huingia kisirisiri, mchanganyiko hupungukiwa na petroli, pistoni hupata moto kupita kiasi na kukwama. Hapo gurudumu la nyuma hujifunga ghafula. Ndiyo sababu waendeshaji huweka kidole kwenye klachi daima. Sili ni kitu kidogo, lakini maisha ya mtu huitegemea. Basi, ndugu, tufungue na kukagua yaliyofichika kabla ya kung'arisha yanayoonekana.