Hakuna "moja tu": maneno juu ya kuacha sigara

Komite iliniomba niseme juu ya sigara, kwa sababu wengi kati yenu mlianza kuvuta wakati wa kukimbia. Hilo nalisikia kila juma nikipita ku vijiji vya Djugu na Irumu: "Ku kambi hapakuwa kazi, hapakuwa shamba, usingizi haukuja. Mwenzangu alinipa moja." Sasa mtu amerudi, amejenga, amelima, na sigara imerudi pamoja naye.

Ndani ya tumbako muko nikotini. Ukivuta, inafika ku ubongo kwa sekunde kumi hivi, na unatulia. Lakini kisha saa mbili karibu nusu yake imetoka ndani ya damu, mwili unaanza kudai. Ule wasiwasi wa asubuhi, ile hasira bila sababu, wengi wanafikiri ni mawazo ya vita tu. Mawazo ya vita yapo, sitakana. Ila sehemu moja ni deni la nikotini, na sigara inalipa deni ambalo yenyewe ililileta.

"Niko napunguza," wananiambia. Kwetu sigara inauzwa moja moja, kwa hiyo kupunguza kunaonekana rahisi: leo tatu, kesho mbili. Lakini mtu wa mbili kwa siku anaingojea ile ya jioni tangu asubuhi. Ku Uingereza walijaribu jambo hili na watu 697, matokeo yakatoka mwaka 2016. Kundi moja lilipunguza kwa majuma mawili kabla ya siku ya kuacha, lingine likakata mara moja. Wote walipewa dawa zenye nikotini na manesi wa kuwashauri, kitu ambacho hapa si rahisi kupata. Kisha majuma manne, kwa kila watu 100 waliokata mara moja, 49 walikuwa hawavuti. Kwa waliopunguza, 39. Kisha miezi sita walibaki 22 kwa upande mmoja, 15 ao 16 kwa mwingine. Kuanguka ni kwingi pande zote, lakini mnaona wapi iko afadhali.

Basi chagua siku, isiwe ya matanga. Jioni ya mbele yake tupa yote, hata kile kipande ulichoficha ku paa. Siku tatu za kwanza ndizo mbaya sana: kichwa, hasira, njaa, usingizi wa kukatikakatika. Kisha majuma matatu ao manne mwili unatulia. Hamu ikikushika inakaa dakika chache tu. Watu wanafikiri itapanda mpaka wapasuke. Haipandi, inashuka yenyewe, hata usipovuta. Tafuna karanga, enda kuchota maji, imba. Pombe uiache kwanza, sababu ku kikao cha pombe ndipo wengi wanarudia. Na mwambie mke na watoto mapema, kusudi wasidhani umewakasirikia wao.

Hatari nyingine inakuja mwezi wa tatu. Mtu yuko muzima, anasema: "Moja tu, ya kufurahi na marafiki." Ubongo haujasahau njia, siku chache, amerudia paketi. Ndiyo maana nasema sifuri. Na wamama wazee wenye kiko ao ugoro wasicheke: ni nikotini ileile.

Vijana wanaotoka ku migodi ya Mongbwalu, ninyi mna vumbi tayari ku kifua. Sigara inaongeza hatari ya kifua kikuu, na wengi tumelala watu kumi chini ya bashi moja. Mwenye kukohoa majuma mawili aende kupimwa, avute asivute.

Aliyevuta tano kwa siku, kwa mwezi ni 150, yaani paketi saba na nusu. Kila jioni aweke bei ya zile tano kwa mwenye kushika kasa ya likelemba. Mwisho wa mwezi ahesabu kama haisaidii minervali ya mtoto. Akiteleza, asiseme yote imeharibika: aweke siku nyingine ndani ya juma lilelile. Na wenzake wasimpe sigara, hata akiomba kwa magoti.

Komite imekubali tuanze Jumatatu. Wanaotaka waandikishe majina kwa sekretere. Wasio tayari, tafadhali wavutie ng'ambo ya barabara wakati wa kikao.