Kochi Jipya Lisiwe Mtego wa Moto
(Mazungumzo na akina mama wa chama cha kununuliana makochi)

Nimesikia kwamba zamu ya mwezi huu mwenzenu mmoja atanunuliwa makochi. Hongereni sana. Kumkalisha mgeni mahali pazuri ni heshima. Lakini kabla pesa hazijatoka, naomba tuongee kidogo juu ya moto.

Niliwahi kutembelea familia moja ya nyumba ya chumba kimoja baada ya kuunguliwa. Stima ilikuwa imepotea, mama akasimamisha mshumaa kwenye mkono wa kochi. Ukaangukia vitambaa. Mama akakimbia mferejini kuchota maji, akidhani ana muda. Aliporudi na ndoo, moshi mweusi umejaa, mlangoni hapaingiliki, na mtoto yumo ndani. Majirani walivunja dirisha wakamtoa, akapona. Alipona kwa sababu dirisha lile halikuwa na vyuma.

Kwa nini moto ulikuja mbio hivyo? Ni sponji. Sponji ya makochi mengi ni poliyurethani, kitu kinachotokana na mafuta ya petroli. Ikishika moto huwaka kwa kasi na kutoa moshi wenye kaboni monoksaidi na sianidi. Hiyo ni sumu, wapendwa. Mtu anaweza kulegea na kuanguka kabla moto haujamgusa.

Wenzetu wa Uingereza walijifunza kwa machozi. Tarehe 8 Mei 1979 duka la Woolworths mjini Manchester liliungua. Moto ulianzia kwenye viti vya sponji vilivyorundikwa ghorofani. Watu 10 walikufa. Wengine walikwama nyuma ya madirisha yenye vyuma, na wazima moto wakalazimika kuvikata ili kuwaokoa. Mwaka 1988 zikatolewa kanuni: sponji ya kawaida isitiwe tena katika viti vya nyumbani, kitambaa kijaribiwe kwa sigara inayofuka na kwa mwali wa kiberiti, na kochi jipya liwe na lebo. Hata mfanyabiashara wa makochi ya mtumba alifungwa na kanuni hizo.

Sasa mtaniuliza, "Basi fundi wetu apake dawa ya kuzuia moto?" Mimi nasema hapana. Baadhi ya dawa hizo zimeonekana kudhuru afya. Jimbo la California, Marekani, lilibadilisha kipimo chake mwaka 2013 ili makochi yaweze kufaulu bila kutiwa dawa.

Sisi hapa chamani hatuna mtambo wa kupima, lakini macho tunayo. Tufanye haya matano:

Kwanza, pimeni chumba kabla ya kumlipa fundi. Kama seti nzima itaziba njia ya mlango, nunueni viti vichache. Aibu ya viti vichache ni ndogo.

Pili, mshumaa, koroboi, stovu na jiko vikae mbali na kochi, angalau mita moja. Mshumaa usimame ndani ya sahani juu ya meza, na uzimwe kabla ya kulala.

Tatu, anayevuta sigara avutie nje. Kipande kikiangukia katikati ya mito kinaweza kufuka polepole muda mrefu, halafu kiwake mkiwa mmelala.

Nne, kama mmeweka grili, angalau dirisha moja liwe na grili inayofunguka kutoka ndani. Ufunguo utundikwe karibu, mahali hata mtoto mkubwa anaufikia gizani.

Tano, kochi likishika moto, usikimbilie maji kwanza. Toa watoto. Inama chini ya moshi, toka, funga mlango wote wakishatoka, piga nduru. Usirudie televisheni wala kitambulisho. Hivyo hupatikana tena.

Najua kuna mama hapa atasema, "Mzee wangu anataka seti ya watu saba, na chumba ni kile kile." Mwambie huyo mzee aje asimame mlangoni usiku, taa zikiwa zimezimwa, ajaribu kutoka na mtoto mkononi. Akijikwaa kwenye kochi, atakuwa amejijibu mwenyewe.

Basi, kabla hatujaachana leo, nawaomba mchague wawili waende kupima chumba cha mwenzenu wa zamu hii. Makochi yatangoja wiki moja.