Ndege wa Mtera na Taa za Temeke

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazee na vijana wa Temeke)



Wengi wetu tunaijua Mtera kwa jina tu. Mwaka 2006, mgao wa umeme ulipotusumbua, habari ilikuwa moja: kina cha maji Mtera kimeshuka. Leo napenda tuitazame kwa jicho la mtazama ndege.

Bwawa hilo lipo mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari. Lilijengwa kwa kuuzuia Mto Ruaha Mkuu. Maji yalipopanda yaliifunika miti, nayo ikafa ikiwa imesimama. Matawi yake makavu yakawa makazi ya ndege.

Mwenye kufika ufukweni baada ya sala ya alfajiri, mwezi wa Novemba, jua lingali changa, huwaona mnandi wamejipanga juu ya matawi hayo, wametandaza mbawa zikauke. Mwari huogelea kwa makundi, yangeyange hunyemelea samaki, na furukombe hulia kutoka mti mrefu. Kwenye tope, ambako maji yamerudi nyuma, vitwitwi hukimbia wakidonoa wadudu. Hao ni wageni: huzaliana kaskazini ya mbali, Ulaya na Urusi, kisha huruka maelfu ya kilometa kuja kwetu bila ramani wala paspoti. Subhanallah!

Lakini tope hilo lina habari nyingine. Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu miaka ya 1990 hukauka katika baadhi ya sehemu zake wakati wa kiangazi. Sababu kubwa ni maji ya Usangu kuchepushwa kwenda mashambani. Na maji hayo ndiyo yanayozungusha mitambo ya Mtera, megawati 80, kisha ya Kidatu, megawati 204, na hatimaye huingia Rufiji, liliko Bwawa la Julius Nyerere lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Tone moja hutumika mara tatu. Likipotea juu, limepotea mara tatu.

Je, tuwalaumu wakulima? Mchele wa Mbeya tunaoupika kwenye karamu zetu hutoka huko huko Usangu. Basi sisi nasi tumo katika hesabu hiyo. Anayemwaga wali jalalani amemwaga maji ya Ruaha. Anayeacha taa ikiwaka chumba kitupu amefanya vivyo hivyo. Israfu haina kwao.

Wazazi, wapelekeni watoto Kunduchi bahari inapokupwa, miezi ya Oktoba hadi Machi. Huko nako wamo vitwitwi waliotoka kaskazini. Mtoto aliyejifunza kumtambua ndege hatakosa kuuliza maji yake yametoka wapi.

Maji ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Wabillahi tawfiq.