Cheti cha Geneva na Mlango wa Chuo Kikuu

(Maneno haya yalisemwa na sisi walimu wa kisomo mbele ya wasomaji na wazazi waliokusanyika kijijini. Yanachapishwa kwa ombi la wasomaji.)



Mzazi mmoja alituletea swali. Mjomba wa mtoto yuko mjini. Ameleta habari kwamba kuna shule ya kimataifa inayotoa nafasi za kusomeshwa bure kwa watoto wachache wenye akili na wasio na uwezo. Mtoto akimaliza hapati cheti cha kidato cha sita. Hupata cheti kingine, wanakiita IB. Mzazi anauliza: cheti hicho cha kigeni, chuo kikuu watakipokea? Au mtoto atakuja kukaa nyumbani na karatasi nzuri isiyofungua mlango wowote?

Swali hili ni zuri sana. Tena ni swali ambalo hata wasomi wakubwa wa Ulaya waliliuliza. Basi tulieleze polepole.

Kwanza jina. IB ni kifupi cha maneno yenye maana ya Bakaloria ya Kimataifa. Huko Ufaransa, bakaloria ni mtihani wa mwisho wa sekondari, ulianza mwaka 1808. Kwa hiyo bakaloria si digrii. Na cheti chenyewe huitwa diploma. Hapa wengi hupotea, maana kwetu mtu akisema ana diploma tunajua amesoma chuo, ana stashahada ya ualimu, ya kilimo au ya uganga. Diploma ya IB si stashahada. Ni cheti cha kumaliza sekondari, kinakaa pale pale panapokaa kidato cha sita. Mtu akikuambia mwanao akiipata atakuwa kama amekwisha maliza chuo, huyo hajui, au anakudanganya.

Je, ilitoka wapi? Ilitoka Geneva, mji wa Uswisi. Mwaka 1924 ilifunguliwa shule huko kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirika la Mataifa na Shirika la Kazi la Kimataifa. Wazazi wa watoto hao walitoka nchi nyingi. Leo wako Geneva, kesho wanahamishwa. Sasa fikirini taabu ya walimu. Mtoto anayetaka chuo cha Uingereza lazima afanye mtihani wa Uingereza. Anayetaka Ufaransa, bakaloria. Wa Uswisi naye ana mtihani wake, na wa Marekani ana wake. Darasa moja, lakini kila kikundi kinasoma kitabu chake. Historia ya vita ile ile, kila nchi inaieleza kwa upande wake.

Walimu wakasema, tutunge mtihani mmoja. Kutunga mtihani si kazi ngumu sana. Hata sisi hapa tunaweza kutunga. Kazi ni kumfanya mwenye chuo akubali.

Ndugu wakulima wa kahawa mnalijua jambo hili kuliko sisi. Unaweza kusema kahawa yako ni ya gredi ya kwanza. Nani atakuamini? Mnunuzi wa mbali hakujui, wala hajaliona shamba lako. Anamwamini yule anayeonja na kupanga gredi mnadani. Mpangaji akiaminika, gunia lako linauzwa bila mnunuzi kufika kijijini. Asipoaminika, hata kahawa nzuri itakaa ghalani. Cheti ni vivyo hivyo. Thamani yake inategemea kama yule anayekipokea anamwamini yule aliyekitoa.

Mwaka 1968 iliundwa rasmi huko Geneva ofisi ya kusimamia mtihani huo. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Alec Peterson, Mwingereza aliyekuwa akiongoza idara ya elimu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Yeye na wenzake walifanya kazi ya kubisha hodi. Walizungumza na serikali na vyuo, wakaomba: tupeni muda wa kujaribu, wapokeeni vijana wetu, muone wanavyosoma. Mitihani rasmi ya kwanza ilifanyika mwaka 1970, na muda wa majaribio ulikwenda hadi 1976. Watoto wa miaka ile ndio waliobeba hatari. Kama vyuo vingekataa, wao wangebaki nje. Huko Wales kuna shule iitwayo Atlantic College, ambayo mwaka 1971 iliacha kabisa mtihani wa Uingereza na kushika IB peke yake. Huo ulikuwa ujasiri mkubwa, wala hatusemi kila mzazi angeukubali.

Msifikiri mambo haya ni ya Wazungu tu. Hata sisi Tanzania tulipitia njia hiyo. Zamani vijana wetu walifanya mtihani wa Cambridge. Mwaka 1971 nchi yetu ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 likaundwa kwa sheria Baraza letu wenyewe, NECTA. Cheti kipya, muhuri mpya. Na kisomo chetu je? Mwaka 1975 ulifanyika mtihani wa kisomo nchi nzima, watu wazima wakapangwa katika madaraja. Wako waliocheka, wakasema cheti cha wazee ni cha nini. Waliokipata wanajua ni cha nini.

Hapa kwetu IB ilifika mapema. Mjini Moshi ilianzishwa shule ya kimataifa mwaka 1969, kwa sababu ya wageni waliokuja kwa kazi za hospitali ya KCMC. Shule hiyo ilikuwa miongoni mwa za mwanzo katika Afrika kufundisha IB. Baadaye ikawa na tawi Arusha. Mwaka 2019 iliingia katika umoja wa shule za UWC, umoja ule ule wa Atlantic College, na sasa inaitwa UWC East Africa. Umoja huo huchagua vijana katika nchi mbalimbali kwa kamati zake, na wasio na uwezo wanaweza kusaidiwa ada. Kwa hiyo habari aliyoleta mjomba si ya uongo. Lakini tuseme wazi: nafasi ni chache, na bila msaada ada za shule za namna hii ni za matajiri.

Sasa mtoto anasoma nini humo? Kozi ni ya miaka miwili. Anachukua masomo sita: lugha anayoijua vizuri, lugha nyingine, somo la jamii kama historia au jiografia, sayansi, hesabu, na la sita ni sanaa au jingine badala yake. Matatu kati ya hayo kwa kawaida husomwa kwa kina zaidi. Kiswahili chetu kimo katika lugha zinazotahiniwa. Mtoto wa kijijini asione haya.

Zaidi ya hapo anaandika insha ndefu ya maneno yasiyozidi 4,000, anasoma somo la kuuliza tunajuaje tunayoyajua, na anatakiwa afanye michezo, ubunifu na kazi za kuhudumia watu. Tuliposoma habari hii ya mwisho tulitabasamu kidogo. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akitaka shule isitengane na kazi. Kumbe na huko waliona mtihani wa karatasi peke yake hautoshi.

Alama zake tuzihesabu pamoja. Kila somo lina alama 1 hadi 7. Masomo sita mara saba ni 42. Insha na lile somo la maarifa huongeza alama zisizozidi 3. Jumla 45. Ili kupata diploma lazima ufikishe angalau 24, na yako masharti mengine juu yake. Asiyefaulu diploma hupewa karatasi ya masomo aliyofanya tu, na karatasi hiyo mbele ya vyuo vingi haina nguvu ile ile.

Basi turudi kwenye swali. Vyuo vinapokea? Vinapokea, tena katika nchi nyingi. Lakini hakuna chuo kinacholazimishwa na Geneva. Kila nchi ina masharti yake. Oxford huomba kama alama 38 hadi 40, na wenye 24 hawana haja ya kupoteza nauli. Ujerumani haitazami jumla peke yake, hutazama ni masomo gani umechukua. Huko Texas, jimbo la Marekani, sheria ya mwaka 2005 inavitaka vyuo vya umma vimhesabie mwenye diploma hii sehemu ya masomo ya chuo kuwa amekwisha yafanya, mradi alama zake hazikushuka chini ya 4. Maana yake anaweza kumaliza mapema na kupunguza gharama. Mnaona? Karatasi ni moja, lakini huku ni kiingilio tu, kule ni kiingilio na punguzo.

Na kuaminiwa kunaweza kutikisika. Mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, mitihani ya Mei ilifutwa. Vijana zaidi ya 170,000 walipewa alama kwa hesabu, kutokana na kazi zao za darasani, makadirio ya walimu wao na rekodi ya shule zao. Wengi walilalamika kwamba alama zimeshuka, na nafasi zao za vyuo zikawa hatarini. Mwezi Agosti wenye mtihani wakarekebisha hesabu, alama nyingi zikapandishwa. Kwa mawazo yetu, si haki mtoto kupimwa kwa rekodi ya shule yake. Mtoto hodari aliye katika shule dhaifu ndiye anayeumia.

Hapa Tanzania je? Mwenye cheti cha nje hapeleki cheti moja kwa moja chuoni akasema nimefaulu. Anakipeleka kwanza NECTA kilinganishwe na vyeti vyetu. Kulinganisha ni kusema: hiki ni sawa na kidato cha sita, ufaulu wake ni kiasi hiki. Baada ya hapo ndipo anaomba chuo, kwa kufuata masharti ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2005. Uganda nako wana baraza lao la mitihani, UNEB, linalolinganisha vyeti vya nje.

Sasa sikilizeni vizuri, kwani hapa ndipo penye mtego. Mtoto anayetaka kuwa daktari wa binadamu katika chuo cha Tanzania hutakiwa awe na fizikia, kemia na baiolojia, yote matatu. Kwa mpango wa kawaida wa IB mwanafunzi huchukua sayansi moja au mbili. Mtoto anaweza kupata alama 40, akasifiwa na shule nzima, kisha akifika kwenye mlango wa udaktari nyumbani kwao akaambiwa: fizikia iko wapi? IB yenyewe ina utaratibu wa kuruhusu sayansi tatu pale ambapo chuo cha nchi fulani kinadai. Lakini ruhusa hiyo huombwa mwanzoni, kabla ya kuanza kozi. Ukingoja mwaka wa pili umechelewa.

Kwa hiyo mzazi, usiulize tu kama cheti kinatambuliwa. Swali hilo jibu lake siku zote ni ndiyo, na halikusaidii. Uliza hivi: mwanangu anataka kusomea kazi hii, katika nchi hii, chuo cha huko kinataka masomo gani, kwa kina gani, na alama ngapi? Mwambie mwalimu akuandikie jibu kwenye karatasi. Wewe sasa unajua kusoma. Lisome, liweke. Usione haya kuuliza kwa kuwa shule ni ya wageni na wewe umevaa viatu vya vumbi. Mtoto ni wako.

Tena yule asiyepata nafasi huko asihuzunike. Kidato cha sita chetu kinafungua mlango wa vyuo vyetu bila kulinganishwa na mtu.

Mwisho kuna mambo madogo ya tarehe na karatasi. Mitihani ya IB ya Mei majibu yake hutoka mapema mwezi Julai. Kulinganisha cheti nako kunataka muda na ada, hivyo msisubiri siku ya mwisho ya kuomba chuo. Na cheti cha kidato cha nne msikitupe wala msikiache kwa mjomba. TCU hukitazama nacho. Mtoto aliyefanya mtihani wa kigeni badala ya kidato cha nne, na huo pia lazima ulinganishwe NECTA. Vyeti viwili, maombi mawili.