Moshi wa Saa Nzima

Leo tuitazame biri, ile sigara nene ya fahari isokotwayo kwa mkono huko Cuba. Mvutaji huikata ncha, akaiwasha taratibu, akakaa nayo hata saa nzima akiuonja moshi kinywani bila kuumeza. Hatukanushi kwamba huona ladha na utulivu. Lakini husema: "Moshi haufiki mapafuni, basi haudhuru." Hapo ndipo anapojidanganya. Nikotini yake hupenya katika utando laini wa kinywa, na moshi huo husababisha saratani ya mdomo na ya koo. Biri kubwa moja yaweza kuwa na tumbaku ya pakiti nzima ya sigara. Basi tujiulize: mali ni amana, na mwili ni amana; je, tuviteketeze vyote viwili kwa ladha ya saa moja?